Bunduki Ndani ya Friza

Msikilizaji, leo tuanzie jikoni. Mwezi wa Novemba, miaka michache iliyopita, mke wangu aliteremka chini ya nyumba kutoa nyama ya mbuzi kwenye friza, tulikuwa na wageni Jumapili. Akakuta mbuzi yupo, samaki wapo, kisamvu cha pakiti kipo, na juu yao wote imelala bunduki, imeviringishwa mfuko mweusi wa taka. Akafunga mfuniko polepole, akapanda ngazi, akasimama mlangoni na kuniuliza kwa ile sauti ya chini ambayo wenye ndoa mnaijua: "Baba Neema, na huyu tunampika lini?"

Jibu lake litakuja. Kwanza swali la wiki hii, nililoulizwa na ndugu mmoja wa hapa hapa Erie, Pennsylvania. Amenunua bunduki ya mkono wa pili ya kuwindia kulungu. Anapolenga siko inakopiga. Jirani yake Mmarekani kamwambia hiyo ni kazi ya mezani kwenye gereji, Jumamosi mbili imekwisha. Mwenzake wa kazini kamwambia asiiguse, aipeleke kwa fundi asije akajipasua uso. Amsikilize nani?

Sisi tuliokulia Tanga jibu letu lipo mdomoni tayari. Kwetu kila kitu kina fundi wake. Saa ina fundi, cherehani ina fundi, hata mwavuli una mzee wake aliyekaa chini ya mkungu na waya na sindano. Unampelekea, anakwambia njoo kesho. Kesho anakwambia ilikuwa tayari, tatizo umeme. Unarudi mara ya tatu, mnanunuliana kahawa, na kazi inaisha siku ambayo umekwishaisahau. Marekani mambo yamepinduka. Saa moja ya mikono ya mtu inaweza kuzidi bei ya kifaa chenyewe, basi mtu mzima mwenye kazi yake nzuri unamkuta Jumamosi chini ya gari lake, anabadilisha breki. Kujifanyia ni fahari ya mtaa. Bunduki nayo imeingia humo humo.

Kabla ya kushika bisibisi, neno moja la sheria. Kwa Tanzania swali hili lisingefika redioni: chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kukarabati silaha ni kazi ya mwenye leseni. Hapa Marekani, anayemiliki bunduki kihalali anaruhusiwa kuifungua na kuitengeneza ya kwake mwenyewe. Leseni ya serikali kuu inamhusu anayeifanya kazi hiyo kuwa biashara. Majimbo yana masharti yao juu ya hayo. Na kwenye kumiliki kwenyewe, ndugu zangu, angalieni karatasi zenu. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, ila sheria inamwachia mlango akiwa na leseni halali ya kuwinda, pamoja na nafasi nyingine chache. Asiye na kibali cha kuwepo nchini haruhusiwi. Hili aulizwe mwanasheria, si mimi wala kinyozi.

Sasa turudi kwenye bunduki isiyopiga inapolengwa. Wapiga shabaha wa hapa wana kipimo wanachokiita dakika, na si ya saa. Ni sehemu moja ya 60 ya digrii. Ukikaa yadi 100 kutoka kwenye shabaha, yaani mita 91 na kitu, dakika moja ni upana wa inchi 1 na nukta kidogo, karibu sentimita 2.7. Ukipiga risasi zako na matundu yote yakaenea humo, bunduki yako ni ya dakika moja, na hapo utamwona mtu anatembea kifua mbele kana kwamba kaichonga yeye.

Lakini moyo na mapafu ya kulungu wa mkia mweupe ni eneo kubwa kuliko hapo. Wawindaji wengi hulikadiria kwa sahani ya inchi 8. Bunduki inayotawanya inchi 2 kwa yadi 100 inamtosha, tena inabaki na akiba, na katika misitu yetu ya Pennsylvania mara nyingi mnyama unamwona karibu zaidi ya hapo, ametokeza kichwa tu nyuma ya mti. Mtu anayetaka kuitoa bunduki yake kwenye inchi 2 kuileta kwenye nusu inchi, mimi simkatazi. Ajue tu kwamba hapo ameacha mambo ya nyama, anafuata mapenzi yake.

Basi ndugu yangu, kabla hujauliza ni wewe au fundi, nikuulize mimi: nani kasema bunduki ni mgonjwa?

Nauliza kwa sababu watu wengi hupima vibaya. Mtu anapiga risasi 3, matundu yanagusana, anapiga picha, anawatumia shemeji zake wote. Wiki inayofuata anapiga 3, yametawanyika kama mbuzi waliokatiwa kamba, anaanza kutafuta mchawi. Bunduki ni ile ile. Risasi 3 ni chache mno, bahati inajificha ndani yake. Piga 10, taratibu, acha mtutu upoe katikati, hapo karatasi itasema kweli. Na kweli hiyo huwa inauma, kwa sababu kundi la matundu 10 karibu daima ni pana kuliko lile la 3 uliloliweka kwenye simu.

Halafu kuna bega. Nina rafiki wa Uvira, mtu wa maneno machache, tunakwenda naye uwanjani. Siku moja nilikuwa nimemchosha kwa malalamiko juu ya darubini yangu. Akaniambia, "Leta, muzee, leo nitakutilia risasi mimi." Akaniwekea, akanipa. Nikalenga, nikatuliza pumzi, nikavuta. Kimya. Lakini mdomo wa mtutu ulizama kama kuku anayedonoa mtama. Alikuwa kaniwekea risasi ya bandia. Bila teke na bila mlio wa kunificha, wote wawili tuliona: dosari ilikuwa mimi, ninashtuka kabla baruti haijawaka. Hakusema neno. Akachukua bunduki, akatilia nyingine, akanirudishia bila kuniambia hii ni ya kweli au ya uongo. Tulifanya hivyo mchana kutwa. Matundu yangu yalipungua upana karibu nusu, na hakuna hata skrubu moja iliyoguswa.

Mwaka 1909 daktari mmoja wa Milford, Massachusetts, Franklin Mann, alitoa kitabu juu ya safari ya risasi kutoka baruti hadi shabaha. Alikuwa ametumia miaka mingi, na fedha zake, kutafuta kwa nini risasi mbili zilizofanana haziingii tundu moja. Alichofanya ni kumwondoa binadamu. Alijenga nguzo ya zege, mtutu akaulaza juu yake, pasipo bega wala jicho la kusingiziwa. Kila akibadilisha kitu, alibadilisha kimoja. Mann hakuwa fundi bunduki wa kukaa dukani. Alikuwa mtu wa kujifanyia, kama jirani wa ndugu yetu huyu, tofauti yao ni daftari.

Wa pili wa aina hiyo ni Harold Vaughn, mhandisi aliyefanya kazi kwenye maabara za Sandia, New Mexico. Kitabu chake kilitoka 1998. Yeye alizifunga bunduki vipimo vya umeme kama mgonjwa wa moyo, akaangalia ni nini kinachosogea wakati wa kufyatua. Akaona vitu tunavyodhani vimesimama vinacheza: darubini kwenye vishikio vyake, mtutu pale unapoingia kwenye mwili wa bunduki. Vinasogea kidogo sana, lakini kidogo hicho ukikipeleka yadi 100 kinakuwa kikubwa.

Ndiyo maana fundi yeyote mwaminifu akipokea bunduki isiyopiga, mkono wake wa kwanza unakwenda kwenye skrubu. Nawe anzia hapo. Za vishikio vya darubini, na zile mbili au tatu za chini zinazoushika mwili wa bunduki kwenye mbao. Bunduki ya mkono wa pili imefunguliwa na mikono ya watu usiowajua. Nunua bisibisi yenye kipimo cha nguvu, ile inayolia "tak" ukifika kiwango, na ufuate namba za mtengenezaji. Ukikaza kwa hasira za mkono tu, utaibana darubini mpaka vitu vya ndani yake vikwame, halafu utarudi kulaumu mtutu.

Ukimaliza hapo nunua risasi za aina mbili tatu tofauti, kwa sababu mtutu una ulimi: hii unaipenda, hii unaitema, na bei haina neno. Safisha mtutu, na ufimbo wa kusafishia uingie kwa nyuma inapowezekana, usiuparuze mdomo wa mbele. Ukingo ule wa mbele ndio wa mwisho kuigusa risasi. Ukiuchubua upande mmoja, gesi inatoka upande na risasi inaondoka ikiwa imesukumwa. Haya yote ni ya kujifanyia. Ukikosea, unafungua na kurudia.

Sasa tuingie kwenye mbao, na hapa ndipo aibu yangu ilipo.

Waliokaa pwani wanajua mlango wa mbao wakati wa masika. Unavimba, unakataa kufunga, mpaka jua litoke. Kitako cha bunduki cha mbao kinafanya vivyo hivyo. Nyumbani kwako karibu na ziwa, vuli yenye mvua, mbao inakunywa unyevu. Desemba tanuri la nyumba linawaka, mbao inakauka na kujipinda. Ikiugusa mtutu upande, mtutu unasukumwa, na shabaha iliyokaa vizuri Septemba imehama wakati wa kuwinda. Jaribio lake ni la noti moja ya dola. Ipitishe kati ya mtutu na mbao, ivute kurudi nyuma kuelekea kwenye chemba ya risasi. Kwenye bunduki zilizotengenezwa mtutu uelee bila kuigusa mbao, ikikwama, umeshampata mchawi wako. Msasa uliozungushiwa kijiti na uvumilivu wa jioni moja vinatosha. Ila kumbuka, mbao ukishaiondoa hairudi, na zipo bunduki ambazo kiwanda kimeuegemeza mtutu kwa makusudi. Soma kwanza ya kwako ni ipi.

Hatua inayofuata wanaiita kutandika. Mwili wa chuma haukai sawasawa kwenye mbao, unagusa hapa na kuacha pale, na kila teke unakaa upya, kama mtu aliyelalia kitanda chenye kamba zilizolegea. Basi unachimba mbao kidogo, unatia gundi ya epoksi, unakilaza chuma humo kikiwa kimepakwa kitu cha kuzuia gundi isishike, unasubiri ikauke. Ukikitoa, umepata kitanda chenye umbo la mwili wake. Kazi hii watu wamekuwa wakiifanya kwenye meza za jikoni kwa miongo mingi.

Nami nikaifanya. Wiki tatu kabla ya msimu, ambalo ni kosa la kwanza, kwani hapa Pennsylvania tangu 2019 msimu wa bunduki kwa kulungu unafunguliwa Jumamosi baada ya sikukuu ya Shukrani, na kulungu hawajui kungojea. Chuma nilikipaka dawa ya viatu, vizuri kabisa, kila mahali. Kosa la pili ni udongo. Matundu na mifuko yote ya chuma inatakiwa izibwe kwa udongo wa kuchezea watoto, ili gundi isiingie. Niliuazima wa mwanangu Neema, wa rangi ya waridi, na ulipoisha nikajiambia yaliyobaki ni madogo.

Asubuhi nilivuta. Nikavuta tena. Bunduki na mbao vilikuwa kitu kimoja, kama vimezaliwa hivyo. Dawa ya viatu inazuia gundi kushika chuma, lakini gundi ikiingia kwenye tundu na kugandia humo, hapo siyo tena habari ya kushika, ni komeo. Nikasoma kwamba baridi hukifanya chuma kinywee kikaachia. Nikatoa bolti, kile chuma kinachoifunga chemba, nikahakikisha mara mbili chemba ni tupu, nikaiviringisha kwenye mfuko wa taka, na mnalijua friza letu. Siku mbili. Ilitoka ya baridi sana, na vile vile.

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Rafiki yangu wa Uvira aliangalia, akanipa namba ya fundi.

Fundi huyu, sitamtaja jina, ni mzee anayekaa nje ya mji, kwenye mashamba ya zabibu kando ya ziwa. Nilitegemea kucheka kwake. Aliigeuza tu bunduki kwenye taa, akakwangua kwa ukucha ile rangi ya waridi iliyojitokeza pembeni, akauliza, "Wa mtoto?" Nikasema ndiyo. Akasema huwa anapokea hivi kila Novemba. Alifunga fimbo mbili zenye nyuzi kwenye matundu ya skrubu, akapasha chuma moto kwa subira, akaigonga kwa nyundo ya mpira, tak, tak, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Dakika 40 hivi. Ikaachia, ikabaki imemeguka pembe moja.

Nilikaa pale nikimwangalia, nikajua kwa nini zipo kazi ambazo sitazigusa. Nyuma yake palikuwa na keezo kubwa, mashine ya kukereza chuma, na ukutani vipimo vidogo vya chuma vimepangwa jozi jozi, kimoja cha kupita na kimoja cha kutopita. Hivyo ni vya kupimia risasi inavyokaa kwenye chemba bolti ikishafungwa. Risasi ya .30-06, iliyozaliwa 1906 na sasa kubwa la kaya kwa wawindaji wa hapa, ukomo wake uliowekwa na viwanda vya Marekani ni mgandamizo wa paundi 60,000 kwa inchi mraba. Tairi la gari lako lina kama 32. Mgandamizo huo unatokea si mbali na jicho lako. Ipo bunduki, Savage 110, iliyotoka mwaka 1958, ambayo mtutu wake unashikwa kwa nati, na watu huubadilisha wenyewe nyumbani. Wanaofanya hivyo kwa usalama wamenunua vile vipimo viwili. Anayesema "inaonekana imekaa" asikukaribishe uwanjani kwake.

Na kifyatulio. Hapa namkataza ndugu yetu waziwazi. Watu wanapenda kifyatulio chepesi, wanageuza skrubu zake, wanasugua chuma mpaka king'ae. Kinakuwa laini kama siagi, halafu siku moja unafunga bolti kwa nguvu kidogo, au unaweka kitako chini, nayo inalia bila kidole. Mzee yule akimaliza kifyatulio huifunga bunduki ikiwa tupu na kuipiga kitako kwa nyundo ya mpira, kila upande, mara nyingi kuliko unavyoona haja. Ukitaka kifyatulio kizuri nunua kizima kilichotengenezwa na wenye kazi yao, yeye akifunge. Mtutu mpya, chemba mpya, ukingo wa mdomo uliochubuka: huko ni kwa fundi.

Utamlipa, na utangoja. Mafundi wa bunduki na njoo kesho ni ndugu, hata huku. Harry Pope, aliyezaliwa 1861 na kufa 1950, alichonga mitutu kwa mkono, na wapiga shabaha waliipigania. Karakana yake ya Jersey City ilikuwa rundo juu ya rundo, na wateja walingojea mtutu wao mpaka wakachoka kuandika barua. Hakuharakishwa na mtu. Kabla ya hapo alihamia San Francisco, na mwaka 1906 tetemeko na moto vikaikuta karakana mpya kabisa. Yeye mwenyewe alikuwa mpiga shabaha hodari, na hapo ndipo ninapomwelewa: aliijua bunduki pande zote mbili, ya kulenga na ya kuchonga.

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, nami nilidhani mzee wa zabibu ataniambia mengine yote nimletee. Hakusema hivyo. Alinionyesha pale nilipochimba mbao sawasawa, akasema kitanda ni kizuri, komeo tu ndilo baya. Akasema mteja aliyewahi kujifanyia anajua kueleza bunduki yake inaumwa wapi, na kazi inakwenda haraka. Wanaomsumbua ni wale wanaoingia na sentensi moja, "haipigi," wakaacha bunduki kaunta.

Kwa hiyo, ndugu wa Erie, wiki hii funga safari ya uwanjani na risasi 10 na mtu wa kukutilia ya bandia bila kukwambia. Wiki ijayo skrubu na noti ya dola. Ukitaka kutandika, ngoja Januari msimu ukishapita, na ununue udongo wako mwenyewe, mwingi.

Kwangu mimi, yule fundi mzee aliniuliza kama anijazie ile pembe iliyomeguka. Nikamwambia aiache. Bunduki inapiga inchi 1 na nusu, risasi 10, siku nisipokuwa na usingizi. Ukiitazama kwa karibu, pale mbao inapokutana na chuma upande wa kushoto, kuna mstari mwembamba wa rangi ya waridi. Neema anadai ni wake, na kila Novemba mama yake, kabla hajatoa nyama, ananiita kwanza juu ya ngazi na kuniuliza humo ndani leo kuna nani.